Je, Buibui Wako ni Spishi Mpya? Mwongozo Kamili wa Kumweleza Buibui Mdogo wa Ardhini

Kila masika yakipita mimi huletewa picha za aina moja: kitone cha rangi ya chungwa juu ya ncha ya kidole, na chini yake maneno, "Nimegundua spishi mpya huku Gede, tumpe jina gani?" Karibu zote huishia hapo hapo. Sababu ni zilezile nne. Buibui hajapevuka. Yuko peke yake. Hana lebo. Na hakuna aliyemlinganisha na chochote.

Hiyo ya nne ndiyo inayoangusha wengi. Kumpata buibui wa milimita moja na nusu ni kazi ya siku tatu. Kuthibitisha kwamba hakuna aliyekwisha kumweleza kabla yako, yaani kuchapisha maelezo yake na jina, ni kazi ya miezi, na ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo nimepita haraka msituni na kukaa sana mezani.

Mifano yote nimeitoa Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi ulioko kusini ya Malindi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Chekeche lenye matundu ya sentimita moja hivi, na mfuko wa kitambaa wa kufunga chini yake
- Shuka jeupe, ndoo, glavu nene za shambani
- Mifuko ya Winkler, ya kununua au ya kushonesha kwa fundi: mfuko wa nje wa kitambaa uliosinyaa chini kama faneli, na ndani yake mifuko midogo ya wavu
- Spiriti ya ethanoli ya asilimia 96, na maji yaliyotoneshwa
- Chupa ndogo zenye kifuniko kisichovuja, brashi laini ya kuchorea, kibano chenye ncha nyembamba kabisa
- Penseli na karatasi nzito isiyo na rangi
- Simu au kifaa cha GPS
- Hadubini ya kutazamia vitu vizima, ya kukuza angalau mara 40 (ukipata ya mara 80 au 100, bora zaidi), na ya kawaida ya slaidi kwa viungo vilivyopasuliwa
- Mafuta ya karafuu
- Jeli ya kusafishia mikono, isiyo na rangi

Spiriti ya dukani yenye rangi ya zambarau au buluu usiitumie. Ile rangi huingia mwilini mwa buibui na haitoki. Na mafuta ya karafuu yawe safi. Yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia yatakuachia ukungu juu ya slaidi.

## Hatua ya 1: Idhini kwanza

Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Arabuko-Sokoke ni msitu wa hifadhi, hivyo utahitaji pia ruhusa ya KFS (shirika la misitu), na KWS (shirika la wanyamapori) kwa upande wa wanyama. Ukitaka kuchukua vinasaba au kupeleka sampuli nje ya nchi, kuna kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) na makubaliano ya kuhamisha sampuli. Kama unapendelea misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, nenda kwa wazee wa kaya hiyo kabla hujagusa jani. Barua ya Nairobi haitoshi huko.

Usiseme, "Ni buibui tu, nani ataniuliza?" Jarida litakuuliza, na makumbusho yatakuuliza. Sampuli isiyo na karatasi haina pa kuwekwa, na isiyo na pa kuwekwa haiwezi kubeba jina.

Ukiingia, nenda na kiongozi wa msitu. Mle mna ndovu, na kwenye majani makavu hulala kifutu. Glavu si mapambo.

## Hatua ya 2: Chagua wakati na mahali

Nenda mvua zinapokuwa zimekwisha kulowesha ardhi lakini hazijageuka mafuriko: Mei na Juni kwa masika, Novemba kwa vuli. Majani yakikauka sana, buibui hawa hushuka chini kwenye udongo na utachekecha vumbi.

Msitu huu una sura tatu. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko, wenye mbambakofi. Katikati kuna mrihi juu ya mchanga mweupe. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, kuna vichaka vizito vya Cynometra. Chukua sampuli kila sura na uzitenge. Buibui wa mchanga mweupe na wa udongo mwekundu wanaweza kuwa wawili tofauti wanaofanana, na ukiwachanganya ndani ya ndoo moja hakuna hadubini itakayowatenganisha kwa makazi.

Chota pale majani yalipojikusanya: kwenye mapango ya mizizi, chini ya magogo, kwenye vishimo. Katikati ya njia hupati kitu ila siafu.

## Hatua ya 3: Chekecha, kisha ning'iniza

Kusanya majani ya mita moja ya mraba pamoja na udongo laini wa juu. Tia kwenye chekeche, tikisa kwa nguvu dakika moja au mbili, tupa majani makubwa, bakisha unga uliodondoka mfukoni. Ndani ya unga huo ndimo walimo.

Nyumbani, tia unga kwenye mifuko ya wavu, ining'inize ndani ya Winkler, na chini weka kikombe chenye spiriti. Unga unavyokauka, wanyama hukimbia ukavu wakishuka, mwisho hutumbukia. Hakuna umeme unaohitajika. Siku mbili hadi tatu zatosha.

Ning'iniza ndani ya chumba, si barazani. Nilifanya kosa hilo wakati wa kusi. Upepo ulitikisa mifuko usiku kucha, na asubuhi kikombe kilikuwa na matope, buibui chini ya matope, na mimi juu yake na kibano mpaka adhuhuri. Mzee mmoja jirani alisimama akanitazama, akasema, "Mwanangu, mabuibui yamejaa Malindi nzima, kila mama analo lake, wewe wahangaikia la kwenye majani?" Sikuwa na jibu.

Ikienda sawa, kikombe kitakuwa na maji maangavu, sisimizi wengi, nge-bandia, viroboto-majani, na miongoni mwao vidoa vya chungwa au vya kahawia vyenye miguu minane.

## Hatua ya 4: Lebo, siku hiyo hiyo

Andika kwa penseli, karatasi iingie ndani ya chupa pamoja na buibui. Si juu ya kifuniko. Kalamu ya wino wa kawaida huyeyuka ndani ya spiriti. Nilipoteza mkusanyiko mzima wa wiki moja kwa njia hiyo, nikabaki na chupa arobaini za maji ya buluu.

Lebo iwe na: nchi, kaunti, msitu, sehemu ndani ya msitu, nyuzi za GPS, mwinuko, aina ya mimea, njia iliyotumika, tarehe, na aliyekusanya. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi au kwa maneno, maana 5/6 ni Mei kwa mmoja na Juni kwa mwingine.

Kuhusu nguvu ya spiriti: asilimia 75 huacha miguu laini na rahisi kugeuza, asilimia 96 huhifadhi vinasaba lakini humkausha buibui akavunjika ukimgusa. Gawanya. Wengi watie kwenye 75 (mililita 78 za ile ya 96, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi ifike 100), na wachache, au hata mguu mmoja wa kulia, watie kwenye 96 na uweke kwenye friji.

## Hatua ya 5: Tenga waliopevuka

Hapa ndipo picha nyingi ninazoletewa hufia. Buibui mchanga hana alama za spishi. Hata mtaalamu wa miaka thelathini atakuambia familia, labda jenasi (kundi la spishi za karibu), basi.

Dume aliyepevuka utamjua kwa vipapasio, ile mikono miwili midogo mbele ya miguu. Ncha zake zimevimba kama mtu aliyekunja ngumi, na ndani ya uvimbe unaona vipande vigumu, vyeusi au vya kahawia, vyenye miiba na mikunjo. Jihadhari na barobaro aliyebakiza kujivua gamba mara moja: ngumi anayo, lakini ni laini na nyeupe, haina kitu ndani.

Jike mtazame chini ya tumbo, karibu na kiuno. Katika familia nyingi kuna kibamba kigumu chenye tundu au mikunjo, kiitwacho epigini. Lakini familia kama Oonopidae hazina kibamba cha wazi, viungo viko ndani, na utaviona tu ukivipasua. Basi usimtupe jike "asiye na alama".

Unahitaji wangapi? Sheria ya majina ya wanyama haikatazi mmoja. Mimi sianzi kuandika nikiwa na chini ya madume watatu na majike watatu, kwa sababu mmoja hawezi kukuambia kipi ni cha spishi na kipi ni kilema chake mwenyewe.

## Hatua ya 6: Familia, kisha jenasi

Anza na macho. Macho sita yaliyosongamana, mwili wa chungwa, na bamba gumu juu ya tumbo kama ngao: fikiria Oonopidae, familia yenye spishi zaidi ya 1,800, nyingi za milimita moja hadi tatu. Chini ya milimita moja, na jike hana vipapasio au ana vijipande tu: Symphytognathidae. Vitoa-uzi vyote sita vimejipanga mstari mmoja wa kukingama: Hahniidae. Miguu ya mbele imenenepa kuliko mingine yote: Palpimanidae.

Ukishapata familia, tafuta ufunguo wa jenasi za Afrika, yaani orodha ya maswali ya kuchagua hatua kwa hatua, na uufuate nukta kwa nukta. Penye shaka fuata njia zote mbili. Andika kila uamuzi kwenye daftari, maana utarudi.

Jenasi ikikukataa usiruke kutangaza jenasi mpya. Mara tisa katika kumi umekosea kuhesabu macho.

## Hatua ya 7: Pasua, safisha, chora

Mlaze buibui kwenye kisahani, juu ya tone la jeli ya mikono, kisha mfunike kwa spiriti. Jeli humshika katika mkao unaoutaka. Mchanga laini uliooshwa hufanya kazi hiyo pia, ila usiende kuuchota ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu kwa ajili ya sayansi.

Kwa dume, kata kipapasio cha kushoto. Desturi ya duniani ni kuchora cha kushoto, na ukichora cha kulia wasomaji watalinganisha kitu na kivuli chake kwenye kioo. Kama cha kushoto kimevunjika, tumia cha kulia, ukigeuze, useme umekigeuza.

Kwa jike, kata eneo la epigini kwa ncha ya sindano, ulitie kwenye mafuta ya karafuu. Baada ya muda nyama huwa angavu, na vifuko na mirija ya ndani hutokeza. Uzuri wa karafuu ni kwamba ukisuuza kwa spiriti kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Dawa kali kama potasi hula nyama kabisa: husafisha vizuri, lakini ukikosea dakika tano umebaki na ganda.

Piga picha za matabaka, yaani picha nyingi za umbali tofauti kisha kompyuta iziunganishe kuwa moja iliyo wazi yote. Halafu chora. Najua vijana hawapendi kuchora. Lakini picha huonyesha kila kitu kwa usawa, na mchoro hukulazimisha uamue kipi ni ukingo na kipi ni uchafu. Nusu ya makosa yangu niliyaona nikiwa na penseli mkononi.

Umefaulu ikiwa mtu asiyemwona buibui wako anaweza, kwa michoro yako peke yake, kumchagua kati ya ndugu zake watano.

## Hatua ya 8: Linganisha

Usiifanye hatua hii kwa usiku mmoja.

Fungua World Spider Catalog, orodha ya buibui wote wa dunia inayotunzwa na makumbusho ya Bern, Uswisi. Spishi zilizomo zilipita 50,000 mwaka 2022. Kujisajili ni bure, na ukishajisajili unaweza kupakua maandishi ya asili ya karibu kila spishi, hata ya zamani sana.

Toa orodha ya spishi zote za jenasi yako. Usiishie Kenya. Misitu ya pwani hii ni mkanda mmoja kutoka Somalia hadi Msumbiji, na buibui hajui mpaka wa Lungalunga. Ongeza Tanzania yote, Madagaska, Shelisheli na Komoro.

Kisha chora jedwali. Kila spishi mstari wake, kila alama safu yake: umbo la ncha ya kipapasio, vifuko vya jike, miiba ya miguu, bamba za tumbo. Jaza kutoka kwenye maandishi ya asili, si kutoka kwenye muhtasari wa mtu mwingine. Spishi ikitofautika na wako kwa alama ya wazi ya viungo vya uzazi, ifute. Utabaki na mbili au tatu sugu.

Sugu hao ndio shughuli. Mara nyingi ni spishi zilizoelezwa zamani kwa mistari sita bila mchoro, au kwa jike tu huku wewe una dume. Maandishi hayatakusaidia. Inabidi umwone buibui mwenyewe aliyebeba jina, holotaipu. Tazama amewekwa wapi, uwaandikie watunzaji: waombe picha za kipapasio au epigini kutoka pande unazotaka, au mkopo kupitia makumbusho. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana mkusanyiko mkubwa mno wa buibui wa Afrika, na London wapo wa zamani. Waandikie kwa adabu, taja jenasi, spishi, na mkao wa picha. Barua ya "nitumieni vyote mlivyonavyo" haijibiwi.

Mitego mitatu hapa.

Wa kwanza ni wasafiri. Kuna buibui wa familia ya Oonopidae walioenezwa na biashara ya mimea na udongo kote kwenye nchi za joto duniani: Opopaea deserticola, Ischnothyreus peltifer, Brignolia parumpunctata, Triaeris stenaspis. Huyo wa mwisho wanajulikana majike tu, huzaa bila dume, na amepatikana hadi kwenye nyumba za vioo za Ulaya. Ukimpata buibui chini ya mwembe nyuma ya nyumba mjini Malindi, anza kumshuku kuwa mgeni kabla hujamwita mpya. Orodha ya Afrika peke yake haitakuonya, kwa hiyo watazame hawa kwa majina yao.

Wa pili ni dume na jike walioelezwa kwa majina mawili. Jike wako "mpya" anaweza kuwa mke wa dume aliyekwisha kupewa jina. Kupatikana kwenye chekeche moja ni dalili, si ushahidi. Hapa vinasaba husaidia kweli: kipande cha jeni ya COI, herufi 658, kitaoanisha dume, jike na hata watoto. Sheria ya majina haikulazimishi kuvipima, lakini vikiwezekana vipime.

Wa tatu ni rangi na ukubwa. Rangi hufifia ndani ya spiriti, na ukubwa hufuata chakula. Usijenge spishi juu ya "mkubwa kidogo na mweusi kidogo".

Ukimaliza, unatakiwa uweze kusema kwa sentensi moja ni nani jirani yake wa karibu kabisa na wanatofautiana kwa nini. Ukishindwa kuisema, bado.

## Hatua ya 9: Pima na andika

Pima kwa milimita, kwa kipimo cha ndani ya lenzi ulichokilinganisha na slaidi ya kipimo: mwili mzima, kichwa-kifua, tumbo, macho, na kila pingili ya kila mguu. Pima buibui waliopevuka wote ulionao, utoe cha chini na cha juu.

Andika kwa mpangilio uliozoeleka: sampuli zilizotumika, asili ya jina, utambulisho, maelezo ya dume, maelezo ya jike, mahali, makazi. Aya ya utambulisho ndiyo inayosomwa na kila mtu. Hii haifai:

"Buibui mdogo wa chungwa mwenye miguu minane, anayepatikana Gede."

Hii, ya kubuni, inafaa:

"Dume hutofautika na madume wa jirani yake wa karibu kwa ncha ya kipapasio iliyogawanyika matawi mawili, la juu likiwa refu mara mbili ya la chini (kwa jirani ni tawi moja lililonyooka), jike kwa vifuko vya ndani vyenye umbo la figo (kwa jirani ni mviringo)."

Pande mbili zatajwa, na jirani yumo.

Wengi huniuliza kuhusu lugha. Kanuni ya majina ya wanyama haikulazimishi lugha fulani, inashauri tu lugha zinazosomwa sana na wanazuolojia. Majarida mengi hutaka Kiingereza. Mimi huomba kuongeza muhtasari wa Kiswahili, na sijakataliwa bado.

## Hatua ya 10: Jina

Kwa Kilatini jenasi ina jinsia, na jina la sifa lazima liifuate: albus, alba, album. Jina la mahali huishia -ensis kwa jinsia ya kiume na ya kike, na -ense kwa isiyo ya zote mbili, kama ndege wetu Anthus sokokensis. Ukimpa jina la mtu, -i kwa mwanamume, -ae kwa mwanamke, -orum au -arum kwa wengi. Neno la Kiswahili laweza kutumika lilivyo kama nomino, na halibadiliki. Mimi nalipenda hilo kuliko yote.

Hakikisha halijatumika ndani ya jenasi hiyo. Kwa buibui orodha huanzia 1757, kwenye kazi ya Clerck, mwaka mmoja kabla ya wanyama wengine wote. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi, lakini ni kukosa haya.

Na usilitaje popote kabla ya chapisho. Jina lililotupwa kwenye kundi la WhatsApp, au hata kwenye tasnifu isiyochapishwa, halihesabiki, na litavuruga watu.

## Hatua ya 11: Weka amana, chapisha

Chagua buibui mmoja, mzima kuliko wote, awe holotaipu. Wengine wa mfululizo huo ni parataipu. Holotaipu awekwe kwenye mkusanyiko wa umma, na kwetu hilo lamaanisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Pata namba yake kabla hujatuma andiko. Tangu mwaka 2000, jina lisilotaja holotaipu wazi na mahali alipowekwa halikubaliki. Usimweke kabatini kwako Malindi. Joto letu hukausha chupa kabla hujakumbuka.

Parataipu wagawe makumbusho mawili, kama kibali chako kinaruhusu, ili moja likipata hasara jingine libaki.

Andiko liseme wazi kwamba ni spishi mpya. Chapisho likitoka kwa mtandao tu, lazima lisajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na ushahidi wa usajili uwe ndani ya andiko lenyewe. Majarida mazuri hukufanyia, lakini thibitisha. European Journal of Taxonomy haimtozi mwandishi wala msomaji. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu kwa ada, likimbie.

Wahakiki watarudisha. Watakuuliza juu ya yule sugu wa Hatua ya 8 ambaye hukuwaandikia watunzaji wake. Waandikie sasa, subiri picha, jaza mstari wake kwenye jedwali, utume tena.

Likishatoka, tafuta jina lako kwenye World Spider Catalog baada ya wiki kadhaa. Likionekana pale na alama za dume na jike zote mbili, chapa nakala ya karatasi umpelekee kiongozi aliyekupeleka msituni. Atataka kuona picha, na atakuonyesha mahali pengine palipo na wengi zaidi.